LSAT: Lipa Odijo Akuulize, Si Akumezeshe

Kenya ukitaka kusomea sheria, KCSE ndio inabonga. Ukipiga C+ ya jumla na B ya Ngeli ama ya Swa, uko kwa laini ya LLB moja kwa moja kutoka fomu foo. Marekani rada ni ingine. Huko sheria inasomwa baada ya digrii ya kwanza, inaitwa JD, inachukua miaka tatu, na hiyo digrii ya kwanza inaweza kuwa ya chochote: biashara, muziki, hata kilimo. Kitu wanataka kucheki ni kama unaweza kufuata hoja bila kupotea, so wanakupea pepa. Kuna vyuo sai zinakubali GRE, lakini pepa yenye inajulikana kila mahali ni LSAT. Iko tangu 1948. Chini kabisa unapata 120, juu kabisa 180.

Mimi niliisomea nikiwa keja Nairobi na odijo wa kulipa mwenye alikuwa Chicago. Nimeona doo ya odijo ikifanya kazi, na nimeona wasee wenye bongo safi wakilipa doo hiyo hiyo bila kusonga. Haikuwa akili, maze. Ilikuwa ni vile kila mtu alimtumia odijo wake.

Kabla ya yote, hakikisha unahitaji hiyo LSAT. Msee mwenye ashapata LLB huku, anataka kwenda majuu kuongeza mwaka moja, hiyo kozi ni LLM, na LLM kwa kawaida haiitishi LSAT. Kuna watu wako na LLB zao kwa mkono na bado wanatafuta odijo juu waliskia mahali ati ni lazima. Soma masharti ya chuo chenyewe, polepole. Na kama plan yako ni kupiga JD halafu urudi home kuwa wakili, ulizia Baraza la Elimu ya Sheria mapema, juu digrii ya nje lazima itambuliwe, na Kenya School of Law bado inakungoja ukirudi.

Haya, tuseme unaihitaji.

Pepa iko na seksheni nne, kila moja dakika 35, na breki ya dakika 10 hapo katikati. Zenye zinahesabiwa ni tatu: mbili za hoja na moja ya kusoma kifungu na kuelewa. Ya nne wanaitumia kujaribu maswali mapya, haihesabiwi, lakini hawakuambii ni gani, so zote unazipiga kama ni za ukweli. Insha inafanywa kando. Seksheni ya hoja huwa na maswali kama 25. Piga hesabu uone: haufikishi hata dakika moja na nusu kwa swali. Kitu poa ni kwamba ukikosa hawakukati pointi, so hakuna swali unafaa kuacha bila jibu.

Swali zinakaa aje? Hii nimeitunga mimi. Kila nganya ya Rongai iko na mziki ya kupasua maskio. Hii mathree imetupita sai iko na mziki ya kupasua maskio. So hii mathree ni ya Rongai. Kosa iko wapi? Hapo kila mtu wa Nairobi anaona haraka, juu nganya za Embakasi na za Umoja pia zinapasua maskio. Kuwa wa Rongai kunaleta mziki, lakini mziki haikupeleki Rongai. Sasa chukua kosa hiyo hiyo uihamishe kwa story ya samaki wa bahari ya kina, ama mchoraji wa karne ya 18, uiandike kwa Ngeli nzito, halafu uweke majibu tano zenye nne zinakaa fiti kabisa. Hiyo ndio LSAT.

Na hapo ndio malezi yetu ya shule inagonga ukuta. Sisi tumelelewa na kumeza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo, lakini mtaani haikuisha. Ukipita ploti nyingi holide utapata watoi kwa sebule ya mtu, odijo anasoma notsi, wao wanaandika. Odijo anakuja na jibu, wewe unalibeba mpaka siku ya mtihani. Siwadharau hao maodijo, wengi ndio walitutoa. Lakini LSAT haina notsi. Hakuna kesi ya kukumbuka, hakuna kipengele cha katiba, hakuna tarehe. Kila kitu unahitaji iko kwa hiyo paragrafu mbele yako, na ukileta kitu unajua kutoka nje, hiyo ndio itakuchoma.

So ukilipa mtu wa Marekani akusomee notsi kwa Zoom, umenunua tuisheni ya mtaa kwa bei ya dola.

Odijo wangu hakuwa anafunza sana. Alikuwa anauliza. Ningemtumia pepa nimefanya wiki hiyo, anachagua swali moja, anaanza. Kwa nini ulichukua C? Naeleza. Na B je, ina shida gani? Namwambia C ndio iko sawa. Ananiambia sijakuuliza C, nimekuuliza B. Hapo sasa lazima urudi kwa B, utafute neno moja yenye inaiua. Saa zingine ni "wengi" penye paragrafu ilisema "baadhi". Saa zingine B inasema kitu ya ukweli kabisa, lakini haihusiani na hoja yenye imeulizwa. Swali moja ingekula robo saa. Na alikuwa ananifanyia hivyo hata kwa zile nimepata, juu kuna maswali mtu anapata kwa bahati, na siku ya pepa bahati haijulikani itakuwa wapi.

Hii kitu ya kusema kwa mdomo ndio sababu mtu wa kulipa anaweza kukusaidia kuliko buku. Buku inakupea maelezo yake. Haiskii yako. Ukisoma maelezo, kichwa inakubali, unaitikia "eeh, nimeshika", unafungua swali ingine. Lakini ukiambiwa eleza na mwingine anaskiza, penye hauelewi panajitokeza hapo hapo, katikati ya sentensi, unaskia sauti yako ikianza kuzunguka. Odijo mzuri anangoja hapo. Hakuokoi haraka. Ule wa kukuokoa haraka ni mtu poa, mtapatana vizuri, na skoa yako itakaa pale pale.

Na juu lazima uwe na kitu ya kueleza, usitafute odijo mapema. Anza peke yako. LSAC, wenye pepa yao, wako na LawHub, na ukifungua akaunti ya bure unapata pepa kadhaa za ukweli za miaka zimepita. Fanya moja na saa ikitembea. Usiangalie majibu. Kesho yake rudia zile maswali zilikuwa zinakusumbua, safari hii bila saa, ukikaa na swali hadi uridhike, halafu sasa ndio usahihishe zote mbili. Kama bila saa unaruka juu sana, hoja unazielewa, shida ni spidi. Kama bila saa bado uko chini, spidi si shida yako, na hakuna ujanja ya dakika itakusaidia. Weka daftari ya zile unakosa, uandike kwa maneno yako kwa nini ile jibu mbaya ilikuvutia. Fanya hivyo wiki kadhaa. Ukienda kwa odijo na hiyo daftari, dakika ya kwanza mshaanza kazi. Ukienda mikono mitupu, masaa ya kwanza mnalipana kujuana.

Na hayo masaa si bei ya chini. Maodijo wa kampuni kubwa za Marekani wanacharge dola 100 na kupanda kwa lisaa. Hiyo ni karibu ngiri 13 za huku, rent ya bedsita mitaa mingi. Pepa yenyewe inapita dola 200. Kuna msamaha wa ada kwa wenye hawana uwezo, lakini kwa sana umepangiwa raia wa huko na wenye wako na grinkadi, so binamu yako ako Minnesota anaweza kuomba, wewe wa Kayole pengine hapana. Naumia nikisema hii, juu najua mayut wako na kichwa kali wenye wataskia hizo namba wafunge story. Usifunge. Chukua lisaa moja kwa wiki, hata moja kwa wiki mbili, na katikati ufanye kazi yako. Ama tafuteni mbogi ya watatu mgawane bei. Kwa mbogi kila mtu anaeleza, wengine wanamshika, na hiyo ndio mazoezi yenyewe. Siku odijo hayuko, mnaulizana nyinyi kwa nyinyi, bure. Masaa pia pangeni mapema: Nairobi iko mbele ya New York kwa masaa saba ama nane kulingana na msimu wao, so darasa ya jioni yao inakuangukia usiku wa manane.

Kumchagua sasa. Skoa yake kubwa ni mwanzo mzuri lakini haikuambii kama anajua kufunza. Kuna watu hii pepa iliwajia rahisi, hawajawahi jiuliza walifikaje. Muombe kipindi cha kujaribu, umpatie swali lilikushinda, uangalie ni nani anabonga sana. Kama ni yeye lisaa yote, sare. Akikuahidi pointi kadhaa kabla hata aone kazi yako, sare. Na uliza anatumia maswali gani. Yafaa yawe ya pepa za ukweli, juu maswali ya kutunga, kama yangu ya nganya, yanasaidia kuonyesha kitu lakini hayafiki ustadi wa zile za ukweli.

Angalia pia kama anafunza pepa ya leo. Mpaka 2024 kulikuwa na seksheni ya mafumbo, Logic Games, yenye ulikuwa unachora mipangilio: nani anakaa kando ya nani, nani anaenda siku gani. Angelo Binno, msee wa Michigan asiyeona, alienda korti juu pepa ilikuwa inamtaka achore kitu hawezi kuona. Kesi iliisha kwa makubaliano 2019, na kuanzia Agosti 2024 seksheni hiyo ikatolewa, nafasi yake ikachukuliwa na seksheni ya pili ya hoja. Naheshimu huyo jamaa sana. Alisimama miaka mingi na pepa ikabadilika kwa kila mtu duniani. Lakini mabuku za mafumbo bado zinauzwa bei ya kutupa, na kama odijo anakupangia wiki ya mafumbo, hajafungua macho tangu wakati huo.

Kwa kusoma na kuelewa nilipata mazoezi mahali sikutarajia. Seksheni hiyo iko na vifungu vinne, na sehemu moja wanakupea waandishi wawili wanabonga kuhusu kitu moja. Sasa chukua uamuzi wa Supreme Court yetu wa 2017, ile kesi ya kura ya urais. Majaji wanne walifuta uchaguzi, wawili, Njoki Ndung'u na Jackton Ojwang, wakakataa. Soma kurasa chache za kila upande, kisha ujiulize: wanakubaliana wapi? Wanaachana kwa ushahidi ama kwa maana ya sheria? Huyu angemjibu aje mwenzake? Ni zile zile maswali LSAT inauliza, na hapa ni historia yako, uko na moyo ndani yake. Na hiyo moyo ndio kazi: lazima uiweke kando useme tu kile jaji ameandika, hata kama ulikuwa upande ule mwingine.

LSAT unakubaliwa kuifanya mara tano ndani ya miaka tano, na mara saba maisha yako yote, so usibuki ya ukweli ati ujaribu tu kuona vile inakaa. Buki wakati pepa zako za mazoezi, tatu ama nne zikifuatana, zinatua mahali chuo chako kinataka. Na odijo muachilie siku utapata kwamba ukisoma jibu B, swali yake unaiskia kabla aulize.