Kikuku cha Mrija wa Mkojo

Tezi dume hukaa chini kabisa ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Inapoondolewa yote kwa sababu ya saratani, msuli wa ndani unaoziba shingo ya kibofu huathirika pia, na kazi ya kuzuia mkojo huuelemea msuli wa nje, ulio chini kidogo ya tezi. Msuli huo ukiwa umedhoofika, mwanamume akikohoa au akiinua ndoo ya maji, mkojo humponyoka.

Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza, hasa wakifanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kwa hiyo madaktari hawakimbilii kisu. Kwanza hupima kiasi kinachovuja, tena kwa njia isiyo na makuu: pedi za saa 24 huwekwa kwenye mizani, na kila gramu inayozidi uzito wa pedi kavu huhesabiwa kuwa mililita moja ya mkojo.

Anayevuja kidogo, na ambaye hakupata tiba ya mionzi, anaweza kuwekewa utepe wa wavu unaopitishwa chini ya mrija kuuegemeza. Kwa anayelowa kutwa, tegemeo kuu bado ni msuli bandia. Daktari F. Brantley Scott wa Houston, Marekani, alianza kuupandikiza mwaka 1972, na umbo linalotumika zaidi leo, AMS 800, ni la miaka ya 1980.

Una sehemu tatu, zote zimefichwa mwilini. Kikuku laini huuzunguka mrija, puto lenye maji hukaa tumboni karibu na kibofu, na pampu ndogo huwekwa ndani ya mfuko wa korodani. Kikuku kikijaa maji, mrija umebanwa. Haja ikimjia, mwenyewe huibonyeza pampu mara kadhaa kwa vidole. Maji hukimbilia kwenye puto, mrija hufunguka, naye hukojoa. Baada ya dakika chache maji hurudi yenyewe na kikuku hubana tena.

Kifaa hakianzi kazi siku ya upasuaji. Husubiri wiki 6 hivi kidonda kipone. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka au kumbukumbu imepungua hakimfai, kwa kuwa mwenyewe ndiye anayepaswa kukumbuka na kuibonyeza pampu. Pakiingia maambukizi, kwa kawaida chote hutolewa. Hata kikienda vizuri huchakaa, na wengi hurudi chumba cha upasuaji kabla ya miaka mingi kupita. Kukauka kabisa nako si ahadi: wapo wanaobaki na pedi moja kwa siku, na bado wanaridhika.

Hatari isiyopaswa kusahauliwa ni mpira wa mkojo. Ukisukumwa wakati kikuku kimebana, unaweza kuuchana mrija. Aliyewekewa kifaa hiki, hata kama amelazwa kwa malaria au mguu uliovunjika, amwambie muuguzi mapema, ili kikuku kifunguliwe kwanza.