Kwikwi za Miaka 68

Mwaka 1922, Charles Osborne wa Anthon, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, alikuwa akimpima nguruwe wa kilo kama 160 kabla ya kumchinja. Kwikwi zikamshika. Zilimwachia Februari 1990, zenyewe tu, bila daktari wa kujisifu. Mwanzoni zilikuja mara 40 kwa dakika, baadaye 20. Jumla yake hukadiriwa kuwa milioni 430. Humo humo alioa mara mbili na kupata watoto wanane. Rekodi ya Guinness ni yake, na sijui nani angeitamani.

Tiba za kwikwi hazikosekani. Ya kale iliyo mashuhuri zaidi imo katika Karamu, kitabu cha mwanafalsafa Mgiriki Plato. Mganga Eryximachus anamshauri Aristophanes abane pumzi, asukutue maji, na zikikaidi ajitekenye pua apige chafya. Chafya ndiyo iliyomponya. Kwa bei, hakuna anayewashinda bibi zetu: kipande cha uzi kilicholoweshwa mate, pachika kwenye paji la mtoto, basi.

Ya ajabu kupita zote aliiripoti Dk. Francis Fesmire wa Marekani mwaka 1988. Alimtuliza mgonjwa kwa kumsugua kwa kidole ndani ya njia ya haja kubwa. Mwaka 2006 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha, pamoja na madaktari wa Haifa, Israeli, walioripoti mafanikio hayohayo mwaka 1990. Cheka, lakini mantiki ipo: neva ya vagasi hutoka kwenye ubongo hadi matumboni, na ni mojawapo ya njia za kwikwi. Ishughulishe kwa jambo jingine, huenda kwikwi zikakoma. Kubana pumzi nako huenda ni hila ya aina hiyo.

Dawa pekee yenye idhini rasmi ya Marekani kwa kwikwi sugu ni klopromazini, inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa akili. Hulevya kwa usingizi na kushusha presha, ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kuanza na baklofeni au gabapentini. Mwaka 2021 ukaripotiwa mrija wa kuvutia maji kwa nguvu, kutoka San Antonio, Marekani. Kati ya watumiaji 249, zaidi ya asilimia 90 waliusifu kuliko mbinu za nyumbani. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Kwikwi zikipita saa 48, uzi uweke kando uende hospitali. Huenda ni figo, tumbo au uvimbe kichwani.