Gari la Nyumbani: Magurudumu ya Mbele, ya Nyuma au Yote Manne?

Nyumba nyingi za pwani hununua gari kwa akiba ya miaka mingi, na likinunuliwa vibaya hakuna akiba nyingine ya kulibadilisha. Kwa hiyo swali la magurudumu yapi yaliendeshe gari tulilijadili nyumbani kwa muda mrefu. Kijana wetu alitaka gari la juu, la magurudumu manne. Sisi tulikuwa tukihesabu karo. Na mama yetu, mwenye maradhi ya sukari, anaishi kijijini Kinango, mbali na lami, ambako masika yakiingia udongo hushika mguu wa mtu, sembuse tairi. Kila mwezi hana budi kufika kliniki.

Magari madogo mengi yashukayo bandarini Mombasa kutoka Japani huvutwa kwa mbele. Uzito wa injini hukaa juu ya magurudumu yale yale yafanyayo kazi, na kwa kuwa hakuna shafti ndefu iendayo nyuma, gari huwa jepesi na hunywa mafuta kidogo. Udhaifu wake huonekana likipakiwa sana nyuma na kupanda kilima: mbele hupungua uzito, matairi yakazunguka bure.

La kusukumwa kwa nyuma ni kinyume chake. Tazameni Hiace za matatu: abiria wakijaa, magurudumu ya nyuma hukandamizwa, nayo ndiyo yasukumayo. Likiwa tupu kwenye matope, mkia hucheza.

Ya magurudumu manne si ya namna moja. Katika Suzuki Jimny, dereva mwenyewe ndiye aunganishaye mbele na nyuma, wala hapaswi kufanya hivyo kwenye lami kavu, kwani katika kona magurudumu hayazunguki sawa na mitambo hujikaza hata ikaharibika. Subaru Forester hufanya kazi hiyo wakati wote. Hapo pana jambo linalowaponza wengi: matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika kwa kiasi kinachokaribiana. Anunuaye tairi moja jipya ili kubana matumizi aweza kuja kuulipia mtambo mzima. Wala jina la gari lisiwatoshe. Probox, kwa mfano, huja kwa namna zote mbili. Fundi na achungulie chini kabla fedha hazijatoka mkononi.

Tulimkumbusha kijana jambo moja zaidi. Magurudumu manne humsaidia mtu kuondoka, hayamsaidii kusimama. Breki za kila gari hushika magurudumu yote, na tairi lililokwisha huteleza chini ya gari lolote.

Mwishowe tulihesabu safari badala ya matamanio. Siku ambazo tope lilitufungia njia zilikuwa chache mno. Zilizobaki zote zilikuwa za shule, soko na kivuko cha Likoni. Tukanunua gari la kuvutwa kwa mbele, na tofauti ya bei tukaiweka kwa matairi mazuri na dawa za mama, kwa sharti kwamba masika akae kwetu mjini.

Mwaka wa kwanza alikubali. Mwaka huu amesema hawaachi mbuzi wake, nasi tumekwisha kuzungumza na jirani mwenye Land Cruiser.