Choo cha yoti kikigoma: fuata njia ya maji

Katika jahazi la kale msala ulikuwa kisanduku kilichoning'inizwa tezi. Haukuwa na bomba wala koki, kwa hiyo haukuwa na cha kuharibika. Yoti za leo, kama zile zinazotia nanga Kilifi, Mtwapa au Unguja, zina choo ndani ya chombo, na mara nyingi bakuli lake limekaa chini ya usawa wa maji ya nje. Saa zote bahari inatafuta njia ya kuingia, na kinachoizuia ni koki mbili na vipande vichache vya mpira. Ukijua kila kipande kina kazi gani, huna haja ya kubahatisha: dalili yenyewe itakuonyesha pa kufungua.

Choo cha mkono, ambacho ndicho kilichoenea kwenye vyombo vidogo, kina pampu moja yenye kazi mbili. Ukivuta mkono juu, pistoni hunyonya uchafu kutoka bakulini na papo hapo husukuma maji ya bahari yaingie bakulini. Ukiushindilia chini, uchafu husukumwa nje na maji mapya huvutwa. Maji huingia kwa bomba jembamba, kwa kawaida la milimita 19, na uchafu hutoka kwa bomba nene la milimita 38. Kwenye shingo ya kutokea uchafu kuna mpira wenye umbo la mdomo wa bata: hufunguka uchafu unaposukumwa, kisha hujibana usirudi. Chini ya pampu kuna mpira mwingine, bapa, wenye kizito juu yake. Huu huzuia kilichokwisha kunyonywa kisirudi bakulini. Juu ya pampu kuna kishikio kidogo: upande mmoja huruhusu maji yaingie, upande mwingine hukausha bakuli.

Dalili ya kuogopwa kuliko zote ni bakuli kujaa lenyewe. Funga koki ya kuingizia peke yake, kausha bakuli, kisha subiri. Maji yakiacha kupanda, yalikuwa yanatoka upande wa kuingilia. Yakiendelea, tena yakiwa machafu, yanarudi kutoka bomba la kutolea, na mpira wa mdomo wa bata umechoka. Kabla ya kununua mpya, angalia kama haujakwama nywele au kipande cha karatasi katikati. Ukiwa mzima, kagua mpira bapa ulio chini ya pampu.

Kama maji yanatoka upande wa kuingilia, tazama kwanza kishikio kama kiko upande wa kukausha. Kisha fuata bomba. Maji yakishaanza kutiririka ndani ya bomba huendelea yenyewe mpaka hewa iingie, na ndiyo maana bomba hupandishwa juu ya usawa wa bahari na kupindwa, na kwenye kilele cha pindo hilo huwekwa vali ndogo ya kuingiza hewa. Chumvi huiziba vali hiyo kimyakimya. Ifungue, ioshe kwa maji matamu ya uvuguvugu, uirudishe. Hakikisha pia kwamba pindo linabaki juu ya maji hata chombo kikilala kwa upepo. Lililo juu bandarini laweza kuzama tanga likijaa.

Wazee walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yanayofurika bakulini usiku nayo huishia huko. Tundu la milimita 38 lililo nusu mita chini ya maji huweza kuingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Kwa hiyo usilegeze klipu hata moja kabla ya kufunga koki zote mbili, na usiondoke chomboni ukiwa umeziacha wazi.

Mkono ukiwa mgumu, usiulazimishe. Hakikisha koki ya kutolea iko wazi, kwani kusukuma dhidi ya koki iliyofungwa hufumua viungo vya bomba. Kama uchafu unakwenda kwenye tangi, kagua tundu lake la kupumulia. Likiziba, tangi hujaa gesi na kila msukumo hupambana na shinikizo. Hapo usifungue kifuniko ghafla. Zibua tundu kwanza. Kama kote ni salama, paka pistoni grisi ya silikoni. Grisi ya gari na mafuta ya petroli huvimbisha mpira, yasikaribie.

Mara nyingi, hata hivyo, ugumu hutokana na ukoga. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu. Zikikutana na mkojo hugeuka mawe meupe yanayoganda ndani ya bomba, na bomba la milimita 38 hupungua mpaka upana wa kidole. Chanzo ni kupiga pampu mara chache mno. Bomba hilo hubeba zaidi ya lita moja kwa kila mita. Likiwa na urefu wa mita tatu, ukipitisha lita moja tu mkojo unabaki njiani. Siki nyeupe ikilazwa bombani mara kwa mara huchelewesha ukoga. Ukishakomaa, vua bomba, lipige juu ya zege ili mawe yavunjike, au weka jipya. Na usichanganye kamwe tindikali na dawa ya klorini: gesi inayotoka huua, na chumba cha choo hakina pa kukimbilia.

Pampu isipovuta maji, funga koki zote mbili, chomoa bomba la kuingizia na ulitumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha fungua koki ya kutolea na upige pampu. Ikivuta, kizuizi kiko kwenye koki au chujio, na mara nyingi ni majani ya bahari. Isipovuta, hewa inaingia mahali fulani au mipira ya pistoni imelika. Maji yakichuruzika kando ya fimbo ya pampu, badilisha kizibo cha juu.

Harufu nayo ina pande mbili. Ile ya mayai viza, inayotoka kwa msukumo wa kwanza baada ya chombo kukaa, ni ya maji ya bahari yaliyolala bombani: viumbe vidogo vimekufa, na bakteria wamegeuza salfeti kuwa gesi. Kabla ya kuondoka, vuta ndoo ya maji matamu. Harufu isiyokoma huenda imepenya ukuta wa bomba. Fungia bomba kitambaa kilicholoweshwa maji moto, kiache kipoe, ukinuse. Kikinuka, bomba limekwisha.

Nunua seti ya mipira ya choo chako kabla ya safari, na ubadilishe mdomo wa bata kila mwaka hata kama haujalalamika. Ni kazi ya saa moja bandarini. Baharini, chombo kikiyumba na koki zikiwa zimefungwa, kazi ileile huwanyima choo watu wote waliomo.