Mshale wa kuwindia: ncha ipi inaua kweli?
Wadau, juzi kwenye kafe moja hapa Ifakara washkaji walikuwa wanacheki video za Wamarekani wanaowinda kwa upinde, ubishi ukawaka: ncha ipi kiboko?

Kwanza, mshale hauui kama risasi. Unakata mishipa, mnyama anavuja damu mpaka anadondoka. Ncha butu ni ukatili tu. Yenye nyembe tatu pana inafungua jeraha kubwa, ila inataka upinde mzito. Upinde wako mwepesi? Chukua nyembe mbili nyembamba, inazama mpaka mapafuni. Zile zinazojifungua zikigonga (mbwembwe hizo!) zinakula nguvu ya mshale.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao wana akili yao: ndege anapigwa mshale wa mti mtupu, mnyama mkubwa anapigwa chuma chenye sumu, mara nyingi msumari uliofuliwa.

Huku kwetu sasa, sheshe akijeruhiwa akaingia kwenye matete ya Kilombero, humpati tena. Na sheshe wenyewe wamepungua sana. Halafu bila kibali, upinde nao ni ujangili kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2009, achilia mbali sumu. Upinde kutopiga kelele hakukuokoi, mshkaji.