Hitilafu za umeme katika giaboksi otomatiki

Hitilafu za umeme katika giaboksi otomatiki ni kasoro za nyaya, sensa au solenoidi zinazofanya gari libadilishe gia vibaya. Kompyuta ya gari ikizigundua, mara nyingi hushikilia gia moja tu. Katika mteremko wa Sekenke, mkoani Singida, dereva asipopata gia nzito (ya kwanza au ya pili) hutegemea breki pekee, nazo huweza kuchemka na kushindwa.

Fundi hukagua kwanza betri (takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa), fyuzi, waya wa ethi na soketi zenye kutu. Kisha husoma misimbo kwa mashine: P0750 huonyesha hitilafu ya solenoidi A. Solenoidi za Toyota nyingi huwa na ukinzani wa omu 11–15. Kipimo kikiwa sawa, kasoro hutafutwa kwenye nyaya kabla ya kununua solenoidi mpya.