Wakikuchapa Maneno, Cheki Wanagusa Nini

Manze, mchongoano ni kitu fiti. Mko base, mbogi imewazunguka, msee anakurushia moja ya mathee wako, we unarudisha kali kuliko hiyo, wasee wanaanguka na kicheko. Ikiisha mnanunuliana smokie na hakuna mwenye amebeba kinyongo. Tumelelewa hivyo, na imetufanya wagumu.

Lakini hii ya simu ni stori ingine kabisa. Umepost picha yako, umejibamba, halafu mtu hata humjui anaandika umekuwa mweusi aje, meno zako ziko aje, mbona umenona hivyo. Hapo hakuna mbogi, hakuna kicheko, hakuna kurudishiana. Unaingia nayo keja, unalala nayo, asubuhi unafuta picha.

Mi nashikilia hivi: kabla hiyo maneno ikumalize, jiulize inagusa nini. Inagusa kitu umefanya, ama inagusa venye ulizaliwa?

Lupita Nyong'o alichekwa juu ya rangi akiwa mtoi. Mwaka wa 2014, ule mwaka alichukua Oscar, alisimama mbele ya watu akasema alikuwa anaomba Mungu usiku aamke akiwa mweupe. Kila asubuhi anakimbia kwa kioo, rangi ni ile ile. Kitu ilianza kumfungua macho ni kuona Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa dunia mzima. 2019 akatoa kitabu ya watoi, Sulwe, juu ya hiyo maumivu. Sasa niambie, Lupita angerekebisha nini hapo? Hakuna. Komenti ya aina hiyo unalenga, unablock, na kama bado inakukula ndani, tafuta mtu unaamini umbongeshe. Usikae nayo pekee yako, tafadhali.

Halafu kuna ile inagusa kitu umefanya, kama ya kazi. Boy anajifunza kinyozi, mashine inalia, mteja amefungwa shuka shingoni, line ya mbele imeanza kupanda upande wa kushoto. Mdosi anakuja, anainamisha kichwa ya mteja, anamwambia huyo boy mbele ya kila mtu: "Umekaza mkono. Legeza, vuta ngozi kwanza, ndio ukate." Inachoma, sikatai. Lakini hapo amepewa ujuzi bila kulipa hata bob. Akikasirika atoke, amepoteza yeye.

Cheki Julius Yego. Kenya mzima iko kwa mbio, yeye anang'ang'ana na mkuki, anajifunza akiangalia video za wakali wa mkuki, Jan Železný na Andreas Thorkildsen, kwa YouTube. Baadaye akaenda Finland, akakubali kocha amrekebishe vitu alikuwa amejifunza mwenyewe. 2015, Beijing, akatupa mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Hakuna Mkenya alikuwa ameshinda dhahabu kwa michezo ya kutupa ama kuruka hapo mbeleni kwa mashindano ya dunia. Mwaka uliofuata akarudi na fedha ya Olimpiki kutoka Rio.

Kujiamini huja hivyo, buda. Unashika kitu moja, unakosolewa, unarudia, hadi mikono inajua.

Na kama we ndio huandika chini ya picha za wenyewe, wachana na rangi na meno za watu. Ukiwa na kitu ya kumsaidia, mwambie kando.